Stelingi Anaweza Kuwa Mbaya: Kumtofautisha Mhusika Mkuu na Mpinzani Wake

Aliyekulia karibu na kibanda umiza anaijua kanuni moja ya filamu kabla hajajua kusoma: stelingi hafi. Unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, na filamu haijafika dakika ya tano mtu ameshauliza, "Stelingi ni yupi?" Akishaonyeshwa, mengine yanajipanga yenyewe. Stelingi ni mwema. Anayepigana naye ni adui. Adui ni mbaya, na mbaya atakufa mwishoni, tena kifo cha polepole, ukumbi mzima ukipiga makofi.

Kanuni hiyo ilitutosha miaka mingi. Siku hizi inatukwamisha. Tamthilia inayofuatiliwa mtaa mzima, stelingi wake ni muuza unga, au mwanamke aliyeingia kwenye nyumba ya mwenzake na kuivunja, na bado tunamwombea asikamatwe. Askari anayemfuatilia, ambaye ukihesabu haki ndiye aliye upande wake, tunamwona mkorofi. Hapo ndipo ubishi unapowaka saluni na kwenye daladala. Mmoja anasema, "Huyu si stelingi, huyu ni adui!" Mwenzake anajibu, "Sasa mbona hadithi yote inamfuata yeye?" Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba wanajibu maswali mawili tofauti wakidhani ni swali moja.

Wanafunzi wa fasihi nao wana ubishi huo huo, ila wao wanaufanya kwa kalamu na unawagharimu alama. Akiulizwa mhusika mkuu ni nani, mwanafunzi anatafuta mtu mwenye tabia nzuri. Akiulizwa mpinzani ni nani, anatafuta mwizi, mlevi au mchawi. Mara nyingine anapatia, lakini kwa bahati.

Tuyaweke maneno mezani. Mhusika mkuu, ambaye wengine humwita nguli, ni yule ambaye hadithi ni yake. Kuna kitu anakitaka, na kule kukitaka kwake ndiko kunakoisukuma hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mhusika mpinzani, au mkinzani, ni yule anayesimama kati ya mhusika mkuu na kitu hicho. Maana zote mbili zinataja nafasi mtu aliyokaa ndani ya hadithi. Hazisemi lolote kuhusu wema wake wala ubaya wake.

Yapo maneno mengine mawili yanayofanana na hayo kwa mbali, nayo ndiyo yanayotuchanganya: shujaa na mbaya. Hayo ni hukumu. Ukimwita mtu shujaa umeshampima ukamsifu, na ukimwita mbaya umeshampima ukamlaani. Mtu mmoja anaweza kuwa mhusika mkuu na papo hapo akawa mbaya, kama vile mtu anavyoweza kuwa dereva na papo hapo akawa mwizi. Udereva ni kiti alichokalia. Wizi ni tabia aliyopanda nayo garini.

Chukua mama lishe mmoja, saa nne asubuhi, anatoka soko la samaki la Feri na ndoo ya samaki. Anataka kufika kibandani kwake kabla wateja wa mchana hawajaanza kuja. Daladala inasimama, konda anaitazama ndoo, anasema, "Mama, hiyo haipandi." Hadithi imeanza. Tunajua anayetaka kitu, tunajua anachotaka, na tunajua aliyeziba njia. Mama lishe ndiye mhusika mkuu na konda ni mpinzani.

Je, konda ni mbaya? Jioni kuna tajiri mwenye gari anayesubiri hesabu yake kamili. Jana abiria wawili walishuka kwa sababu ya harufu ya samaki, na nauli yao ikashuka nao. Tukiisimulia asubuhi hiyo hiyo tukiwa tumesimama mlangoni pamoja na konda, yeye ndiye anayetaka kitu, yaani kuijaza gari apate hesabu, na mama mwenye ndoo ndiye aliyeziba mlango. Hakuna tukio lililobadilika. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msimulizi.

Mashabiki wa Kariakoo wanalielewa hili bila kufundishwa. Mtaa wa Msimbazi, mpinzani ni Yanga. Ukivuka kwenda Jangwani, mpinzani ni Simba. Mechi ni moja, refa mmoja, mpira mmoja, na hakuna mwenye akili timamu anayedhani kwamba golikipa wa timu pinzani ni jambazi kwa sababu ameokoa penalti. Hata asili ya maneno yenyewe ni ya mashindano. Wagiriki wa kale walikuwa na neno agon, maana yake shindano, na protagonistes alikuwa mwigizaji wa kwanza jukwaani, yule mwenye sehemu kubwa kuliko wote. Aristotle anaeleza kuwa Aeschylus ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili, na Sophocles akaongeza wa tatu. Suala lilikuwa nani anabeba mzigo wa mchezo.

Kwetu neno "mpinzani" lina bahati mbaya yake. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, Mtanzania akisikia mpinzani anawaza siasa, na kwa muda mrefu kwenye siasa zetu mpinzani ameonekana ni mtu wa fujo. Mwanafunzi anaingia darasani na dhana hiyo kichwani. Ndiyo maana mimi binafsi napendelea "mkinzani" ninapofundisha au kubishana, maana linaleta picha ya kitu kinachokinzana na kingine, kama upepo na tanga, kabla hujauliza nani mwenye kosa. Lakini vitabu vingi vinasema mpinzani, na sina haja ya kugombana na vitabu.

Babu na bibi zetu hawakuwa na tatizo hili hata kidogo. Ile ngano ya ukame inasimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki: mito imekauka, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Kila mmoja anachimba, isipokuwa Sungura. Yeye anakataa, anadai ana shughuli. Kisima kikitoa maji, wenzake wanamkataza asiyaguse, na Sungura anaanza kuja kuyaiba. Mlinzi wa kwanza anadanganywa, wa pili anafungwa kamba kwa hiari yake mwenyewe akiahidiwa asali, na watoto waliozunguka moto wanacheka mpaka machozi.

Sasa pima. Wenye haki ni nani? Ni wanyama waliochimba. Sungura ni mvivu, mwongo na mwizi. Lakini hadithi ni ya Sungura. Ni kiu yake inayotuvuta, ni akili yake tunayoisubiri, na wale wachapakazi wenye haki zao zote wamekaa kwenye kiti cha mpinzani. Mtoto wa miaka sita anaielewa ngano hiyo vizuri kabisa, kisha anapelekwa shule, anaambiwa mhusika mkuu ni kielelezo cha tabia njema, na kuanzia hapo anachanganyikiwa.

Waandishi wetu wa riwaya waliurithi uhuru huo wa ngano. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, alimweka katikati msichana ambaye maamuzi yake mengi yangemfanya shangazi yeyote aweke mkono kichwani. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Sehemu ya hofu ile, naamini, ilitokana na kudhani kuwa mwandishi akimweka mtu katikati ya hadithi basi anatuambia tumuige. Kezilahabi hakumweka Rosa pale tumuige. Alimweka ili tumfuate kwa karibu, tuone kinachomsukuma. Baba yake, Zakaria, mlevi anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, anaamini anamlinda. Huyo ndiye mpinzani wa mwanzo kabisa wa Rosa, na anampinga kwa jina la maadili yale yale ambayo wapiga marufuku walikuwa wakiyatetea.

Dhana nyingine iliyozoeleka ni kwamba mpinzani lazima awe mtu. Kwenye kibanda umiza ni lazima, maana bila mtu wa kupigwa ngumi filamu inaishia njiani. Kwenye fasihi mpinzani anaweza kuwa ukame, bahari iliyochafuka, ugonjwa, mila, umaskini au sheria. Walimu wanaiita migogoro: mtu na mtu, mtu na jamii, mtu na maumbile, mtu na nafsi yake. Wanafunzi wanaikariri orodha hiyo vizuri, halafu wakiulizwa mpinzani wanarudi kutafuta mtu mwenye sura mbaya.

Soma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, uone jambo hili lilivyopangwa kwa tabaka. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi. Anayemshtaki ni waziri aitwaye Majivuno. Majina peke yake yanatosha kutuambia nani amekaa wapi: Shaaban Robert hakuwa mtu wa kuficha karata katika jambo hilo. Lakini Karama anapojitetea, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo mema na kuambulia kifungo. Siku baada ya siku unaanza kuona kuwa Majivuno ni mdomo tu. Nyuma yake kuna nchi nzima iliyozoea kumwadhibu anayeleta jipya. Mwondoe Majivuno leo, kesho atakaa mwingine kwenye kiti kile kile na kusema maneno yale yale. Ukiandika kwenye mtihani kuwa mpinzani wa Karama ni Majivuno, umepata. Ukiandika kuwa ni Majivuno pamoja na desturi ya Kusadikika anayoisemea, umekielewa kitabu.

Ebrahim Hussein alikwenda ndani zaidi katika Kinjeketile, mwaka 1969. Vita vya Majimaji vilikuwa vita vya kweli, 1905 hadi 1907, na adui wa kweli alikuwa Mjerumani. Mtu angetegemea jukwaa lijae Wajerumani. Lakini mvutano mkubwa wa tamthilia haupo kati ya Mjerumani na Kinjeketile. Upo kati ya Kinjeketile na neno alilolitoa mwenyewe. Amewaambia watu kuna maji yatakayowakinga na risasi, watu wameungana kwa sababu ya maji hayo, kisha yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, na neno limeshamtoka, limekuwa na miguu yake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Kwa hiyo mpinzani wa Kinjeketile ni nani? Mjerumani yupo, bunduki yake ipo. Lakini anayemnyima usingizi amekaa kifuani mwake.

Kuna na wale wanaotegemea jina la kitabu. Jina likiwa la mtu, basi huyo ndiye mkuu. Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi inatosha kukudanganya siku ambayo si kweli. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kaizari huyo anauawa katikati ya mchezo, sehemu ya tatu kati ya tano. Anayebaki na mzigo, anayetaka kitu kikubwa na kukosa usingizi kwa ajili yake, ni Brutus, rafiki aliyeshika kisu. Wachambuzi wengi wanamhesabu Brutus kuwa ndiye mhusika mkuu, na mimi nakubaliana nao.

Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri nyingine ya Nyerere, Mabepari wa Venisi, nayo inanifurahisha zaidi. Jina la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja tu, yaani Antonio, mtu mwungwana anayekopa kwa Shylock ili amsaidie rafiki yake, na kuahidi ratili ya nyama ya mwili wake akishindwa kulipa. Kwa mpangilio huo Antonio na rafiki zake ni wetu, na Shylock ni mkopeshaji katili aliyeziba njia. Nyerere akabadilisha mambo mawili kwa neno moja: mfanyabiashara akawa bepari, na mmoja akawa wengi. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno bepari halikuwa salamu. Ghafla jalada lenyewe linakuambia kwamba Antonio naye yumo kwenye shitaka, kwamba wote wanaohesabu faida pale Venisi wamekaa benchi moja. Hakuna mstari wa hadithi uliohamishwa. Msomaji ndiye aliyehamishwa kiti. Na ukirudi kumsoma Shylock baada ya hapo, unakumbuka kuwa Antonio alikuwa akimtemea mate hadharani, na kwamba binti wa Shylock alitoroshwa pamoja na mali ya baba yake.

Hapo ndipo mwandishi chipukizi anapaswa kuwa makini kuliko mwanafunzi. Hadithi nyingi ninazosoma za vijana huanguka kwa sababu ya mpinzani. Mama mkwe anamchukia mkaza mwana kwa sababu ni mama mkwe. Bosi ni katili kwa sababu ni bosi. Mtu asiyekuwa na anachokitaka hawezi kumzuia mwenzake kwa nguvu ya kutosha, anabaki kupiga kelele tu. Mpe mama mkwe huyo hofu ya kuzeeka peke yake, na mwana mmoja tu anayemtumia fedha kila mwezi, uone kama mkaza mwana atalala.

Na stelingi hafi? Anakufa sana. Rosa anakufa. Kaizari anakufa, na Brutus anamfuata. Aliyekufa kwa kishindo kuliko wote katika lugha hii ni Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa alizitungia utendi mwaka 1913, nazo zilikuwa zikisimuliwa pwani ya kaskazini muda mrefu kabla ya hapo.

Liyongo anataka nini? Kwa kweli hataki makubwa, anataka kuishi bila kuuawa. Mfalme wa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu, anataka afe, kwa sababu mtu wa nguvu zile, mpiga mishale, mtunga mashairi, anayependwa na watu, hawezi kukaa karibu na kiti cha enzi bila kukitikisa. Kwa Liyongo mfalme ni dhalimu. Kwa mfalme, Liyongo ni mapinduzi yanayotembea kwa miguu miwili. Yeyote aliyewahi kushika hata uenyekiti wa kikoba anaielewa hofu hiyo kidogo.

Mfalme anatumia mikono ya watu. Kwanza watu wa porini wanatumwa wamwalike kula makoma, matunda ya mti wa mkoma: kila mmoja atapanda mti huo kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika atumiwe mishale akiwa juu. Liyongo anayaangusha makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Kisha anatiwa gerezani. Mama yake anamtumia mkate ambao ndani yake kuna tupa, na Liyongo anakata minyororo huku nje ngoma ya gungu ikipigwa kwa kelele za kufunika sauti ya chuma. Watu wa porini, walinzi na minyororo ni vyombo vya mpinzani. Havina hadithi yao. Vikishindwa, vinawekwa kando na vingine vinaletwa.

Chombo cha mwisho ni mtoto wake wa kumzaa, na hapo utendi unabadilika rangi. Kijana anaahidiwa cheo na binti wa mfalme. Anakwenda kwa baba yake na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Liyongo anashuku, na bado anamwambia: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Kijana anangoja baba alale.

Mwanafunzi akiniuliza kama kijana huyo ni mpinzani, namjibu kuwa yeye ni zaidi ya chombo, maana ana anachokitaka na anakiuzia baba. Lakini aliyeitaka roho ya Liyongo tangu ubeti wa mwanzo ni mfalme, na sindano ni yake hata kama mkono ni wa mtoto. Hakuna simulizi ninayoijua inayomwacha kijana yule afaidi malipo yake.

Liyongo aliyechomwa anaamka, anachukua upinde na mishale, anatoka hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na roho inamtoka akiwa katika hali hiyo hiyo. Hakuna anayejua kuwa amekufa. Watu wanamwona kwa mbali akiwa amelenga, hawathubutu kusogea. Siku zinapita, mji unakosa maji, wazee wanamwendea mama yake na kumwomba akamsihi mwanawe awaonee huruma.

Kijumwa amesimama upande wa Liyongo, nasi tumesimama naye. Lakini jaribu kuziandika siku zile ukimfuata mwanamke mmoja wa mji ule mwenye mtungi mtupu kichwani. Nyumbani watoto wana kiu. Anachokitaka ni maji tu, hana habari na kiti cha enzi cha mtu yeyote. Na kati yake na kisima amepiga goti mtu mmoja, ameshika upinde, hatikisiki.